Robo Lita Tu

Habari hii nilipewa na fundi mwenyewe, mwaka jana, majuma machache baada ya mvua kubwa, siku alipokuja kunitilia mafuta bawaba za mlango wangu uliokuwa ukilia kama paka aliyefungiwa nje. Kazi ile ilikuwa ya dakika tano. Alikaa mpaka jua la utosi. Nami sikumwuliza anaondoka saa ngapi, maana mtu akianza kusema jambo lililomkaa kifuani humharakishi. Unamwachia alitoe kama anavyotoa mwiba, taratibu, ashike palepale panapouma. Naandika alivyoniambia. Nilichoongeza ni kidogo, pale alipokuwa akinyamaza.

Mtaani wanamwita Vidole. Amepewa jina hilo kwa sababu ya namna yake ya kupima oili. Fundi mwingine ataangalia rangi, ataangalia kijiti cha kupimia, basi. Yeye huchukua tone moja, akaliweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akasugua polepole kama mtu anayehesabu jambo moyoni, kisha akanusa. "Hii imeshatembea kilometa elfu mbili na ushee," husema. Ukiangalia kwenye saa ya pikipiki, unakuta elfu mbili mia moja. Watu walikuwa wakibishana hata kuwekeana dau, na kila siku aliyebishana naye ndiye aliyeaibika.

"Wenzangu wana vyeti ukutani," alizoea kusema, "mimi nina hivi viwili, na sijavitundika."

Gereji yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Sakafu imekuwa nyeusi kwa oili ya miaka arobaini, nyeusi ya kung'aa, hata ukidondosha shilingi unaiona kama nyota. Ukutani kuna misumari ya kutundikia spana, na nyuma ya kila spana pamechorwa umbo lake kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa marehemu mkewe, ambaye alichoka kuulizwa kila saa, "Mama, spana yangu umeiweka wapi?" Mkewe alitangulia miaka minne iliyopita. Watoto wawili wa kiume wako mbali sana, kila mmoja na maisha yake, na simu zao huja kama mwezi mwandamo: ukiuona unashukuru, usipouona unasema labda ni mawingu.

Wateja nao walikuwa wamepungua. Pikipiki za zamani alizozijua kama watoto wake zilikuwa zinakufa moja moja, na waliozirithi walinunua mpya, wakazipeleka kwa mafundi wenye sare. Aliyebaki kuja bila kukosa alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake. Vidole alimwita Bi Haraka, kwa maana tangu utotoni hakuwahi kutembea. Alikuwa akikimbia tu, hata akitumwa chumvi.

Kazi ya Bi Haraka ilikuwa kubeba vichupa vya damu na makohozi kutoka zahanati ndogo ndogo hadi maabara ya hospitali kuu, katika sanduku la baridi lililofungwa nyuma ya pikipiki. Hiyo pikipiki yake ilikuwa kuukuu, na ilivuja oili mahali pawili. Kila Jumamosi mchana aliileta kwa mjomba wake, ikaongezwa, ikafutwa, ikakazwa. Wahenga wamesema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa Vidole ilikuwa nafuu kwelikweli. Angeweza kuziba ile mivujo yote miwili kwa nusu siku. Aliziba mmoja, akauacha mmoja.

Binti akikaa kwenye benchi, watazungumza. Atamwigizia daktari mkuu anavyotembea na tumbo mbele kama mtu anayesukuma toroli. Atamwambia nani kaachika na nani karudiana. Vidole atacheka mpaka spana imponyoke. Saa moja, wakati mwingine moja na nusu. Halafu juma linaanza upya, kimya, na redio.

Basi Jumamosi moja akaja na pikipiki nyingine. Mpya, nyekundu, bado ina plastiki kwenye kiti. Hospitali imempa. Vidole akatoka nje akifuta mikono, akaizunguka mara mbili, akainama.

"Usiiguse, Mjomba!"

"Nisiiguse? Kwani ni bibi harusi?"

"Ina waranti."

"Maskini. Inaambukiza?"

"Inaambukiza sana! Ukiigusa wewe, ninayeugua ni mimi."

Wakacheka wote wawili. Kisha binti akatoa kitabu kidogo kutoka chini ya kiti, akamweleza. Waranti ni dhamana: kampuni iliyoiuza imeahidi kwamba kwa miaka miwili kikiharibika kitu watatengeneza wao. Lakini ahadi hiyo ina masharti. Sevisi zote zifanyike kwenye karakana ya kampuni, na kila sevisi igongwe mhuri ndani ya kitabu. Oili iwe ile iliyoandikwa humu, si nyingine. Na hospitali nayo ilikuwa imemtaka atie sahihi: dhamana ikivunjika kwa uzembe wake, pikipiki atapewa mwingine, naye atarudi alikotoka. Alikotoka ni chumba cha chini cha maabara, kuosha vichupa. Aliviosha miaka minne, mpaka ngozi ya vidole ikawa inabanduka kama ya kitunguu.

"Kule sirudi, Mjomba. Afadhali nife barabarani upepo unanipiga."

"Hurudi," alisema Vidole. "Nani amesema unarudi?"

"Kwa hiyo... oili sasa watamwaga wao."

"Eeh. Wamwage."

"Na hii haivuji."

"Naona. Ni safi kama sahani." Akainyanyua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na askari. "Tazama, sijagusa."

Siku ile binti alikaa dakika kumi. Hakukuwa na cha kungojea.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Akapiga simu, akasema yuko njiani, atapita. Hakupita. Ile nyingine hakupiga. Simlaumu, na hata Vidole hakumlaumu. Kijana ana miguu, na miguu yake inaenda kwenye shughuli. Lakini Vidole alikuwa ameshazoea kuamka Jumamosi na kufagia, kulifuta benchi kwa tambara safi. Akaendelea kufagia. Benchi likawa linang'aa, halina mkaaji. Saa nane itafika, saa tisa itapita, kila pikipiki ikipunguza mwendo pale kona anainua kichwa. Alikuwa anazijua kwa mlio. Hii ya muuza mkate. Hii ya mwalimu. Hii imeungua valvu, mwenyewe hajajua. Ile ya mpwa wake, mpya, alikuwa ameisikia mara moja tu, na aliogopa asije akaisahau.

Mwezi wa pili wa kungoja akaenda kwenye duka la vipuri, akasimama mbele ya rafu ya oili. Muuza vipuri ni mtu wa maneno, wametaniana naye tangu wote wawili wana nywele.

"Leo Vidole umekuja kununua au kunipapasia chupa zangu?"

"Nionyeshe kumi thelathini." Namba hiyo, 10W-30, aliikumbuka. Binti aliisoma kwa sauti siku ile kutoka kwenye kitabu, naye akaishika kama mtu anavyoshika jina la mgeni.

Ziko mbili, muuza vipuri akasema. Akamwekea kaunta. Moja chupa ya kijivu, ya kawaida, ina picha ndogo ya pikipiki. Nyingine ina mfuniko wa dhahabu, na bei yake juu. Vidole akaomba tone la kila moja kutoka chupa za kupimia. Akasugua ya kwanza. Oili nzuri, haina kosa. Akasugua ya pili, akafumba macho. Ilikuwa laini ajabu. Iliteleza kati ya vidole vyake kama haipo, kama kugusa kope la mtoto aliyelala. Miaka arobaini hakuwahi kugusa oili namna ile.

"Hii," akasema.

"Ya gari gani?"

"Ya mgeni wangu."

"Mgeni mwenyewe lazima awe mkubwa."

"Mkubwa kwangu," akasema Vidole, akaiweka kwapani. Hakutaka maswali. Fundi wa miaka arobaini haulizwi oili ni ya nini.

Akaifuta vumbi, akaiweka rafuni peke yake, lebo ikitazama mlango. Ikakaa pale majuma matano.

Jumamosi moja saa nane kasoro akausikia ule mlio. Hakuusahau, kumbe. Bi Haraka akaingia na kofia ya chuma bado kichwani.

"Shikamoo Mjomba, niokoe. Nimeangalia oili, iko chini ya alama. Kampuni wamefunga saa sita, hawafungui mpaka Jumatatu, na kesho nina zahanati tatu. Kitabu kinasema naweza kuongeza mwenyewe, mradi iwe ile ile."

"Marahaba. Keti kwanza."

"Ni kidogo tu, Mjomba. Niliwapigia, wameniambia robo lita inatosha."

Vidole akachomoa kijiti, akaangalia. Kweli, robo lita tu. Kuongeza robo lita ni dakika mbili: fungua, mimina, funga. Akamtazama binti, ambaye bado hajavua kofia, na ufunguo uko mkononi. Dakika mbili. Halafu mlio, halafu kona, halafu kimya mpaka Mungu anajua lini.

Akachukua tone kutoka kwenye kijiti, akasugua, akafumba macho. Oili ilikuwa nzima, changa bado. Vidole vyake vilimwambia kweli, kama siku zote.

"Imechoka," akasema.

"Imechoka? Ndiyo kwanza—"

"Imechoka. Nani hapa fundi? Ukiongezea nzima juu ya iliyochoka, zote zinaharibika. Lazima imwagwe yote. Saa moja, si zaidi. Iache ishuke yote, chujio nalo nilifute."

Binti akatazama saa. Akatazama ile chupa ya dhahabu mkononi mwa mjomba wake, akasoma namba: 10W-30. Namba ndiyo hiyo hiyo.

"Una uhakika, Mjomba? Kumwaga ni kazi yao, kwa mhuri."

"Hivi vimeshakudanganya lini?" Akavionyesha vile viwili.

Basi akavua kofia. Akakaa.

Vidole akafungua bolti ya chini, oili ikaanza kushuka kwenye beseni, ya rangi ya asali, haina hata doa la weusi. Alilisukuma beseni uvunguni kwa mguu ili isionekane. Aliniambia kwamba saa ile moja ilikuwa tamu kuliko zote. Binti alimwigizia daktari mkuu amepata miwani mipya na sasa anamwamkia kila mtu mara mbili. Alimsimulia zahanati moja ina mbwa anayemtambua, anamsindikiza mpaka darajani. Wakacheka. Vidole alikaza bolti moja mara tatu. Alisafisha kisichokuwa kichafu. Akamimina ile oili laini polepole, kwa uzi mwembamba, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.

Binti akaondoka saa tisa. Akambusu mkono ule mweusi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumatano jioni simu ikalia.

"Mjomba, pikipiki inafanya kituko. Nikipanda kilima navuta mafuta, injini inapiga kelele, mwenyewe siendi. Inaunguruma palepale kama mtu anayegombana peke yake. Leo watoto wa shule wamenipita kwa miguu, wakanipungia."

Vidole akakaa chini. "Kwenye tambarare je?"

"Afadhali kidogo. Lakini nikiongeza mwendo, ile ile. Nimeomba ruhusa, kesho asubuhi naipeleka kampuni. Usijali, si kosa lako, wewe umebadilisha tu oili. Nitawaambia imetoka kiwandani na ubovu."

Alipokata simu, Vidole hakuvaa hata viatu. Alikwenda na ndara mpaka duka la vipuri, akamkuta mwenyewe anateremsha mlango.

"Ile chupa ya dhahabu," akasema. "Nisomee nyuma."

"Sasa hivi? Nimeshafunga."

"Ndugu yangu, nisomee."

Muuza vipuri akaona uso wake, akaacha utani. Akawasha taa, akachukua chupa, akavaa miwani. Akasoma kimya, kisha akaishusha.

"Vidole. Umeitia kwenye nini?"

"Pikipiki. Mpya."

"Ala! Hii ni ya magari. Nilikuuliza ya gari gani, ukanijibu mgeni, mgeni." Akachukua ile ya kijivu, akamwonyesha nyuma yake kijisanduku chenye herufi mbili, M na A. "Pikipiki mpya zinataka hii alama. Hiyo yako haina. Gari klachi yake iko pakavu. Pikipiki klachi yake inaoga humohumo kwenye oili ya injini."

"Najua inaoga! Miaka arobaini nazifungua."

"Basi hii imetiwa dawa ya utelezi. Injini inafurahi, lakini klachi, inayopeleka nguvu gurudumuni, inashindwa kushika. Ni kama kumpaka mtu sabuni viganjani halafu umwambie apande mnazi."

Vidole akawa anasugua kidole gumba na cha shahada, vikavu, bila oili. Ule ulaini alioupenda ndio huo.

"Namba ilikuwa ile ile," akasema mwisho.

"Namba ni unene wake tu. Tabia ni jambo jingine. Si unajua, mapacha wanaweza kuwa urefu mmoja, mmoja mwizi." Akamgusa bega. "Imwage usiku huu, tia hii. Pleti za klachi zikiwa hazijaungua, itapona. Hakuna atakayejua."

Akampa ile ya kijivu. Vidole akaibeba mpaka nyumbani, akaiweka mezani, akakaa mbele yake. Njia ilikuwa wazi: ampigie binti, amwambie alete, amwage, atie, akae naye tena saa moja nyingine. Ikipona, hakuna atakayejua. Lakini kama pleti zimeshaanza kuungua? Itateleza tena, mwezi ujao au ule mwingine, na binti atakwenda kampuni akiwa hajui kitu, ataapa kwamba ni ubovu wa kiwanda. Wao watafungua, wataona. Watamwita mwongo. Watafuta dhamana, na hospitali itampa mwingine pikipiki. Na yeye Vidole atakuwa amekaa hapa na spana zake, anajua.

Tena hata kesho, akifika na oili hii humo ndani, watamwuliza nani ameitia. Atasema, mjomba wangu, imechoka ile ya kwanza. Watacheka.

Asubuhi akatoka mapema akaenda kwa miguu. Karakana ya kampuni iko ng'ambo ya reli, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye magoti ya kizee kama yake. Alikuwa hajawahi kuikanyaga. Alikuwa akiisema tu: "Wale wavaa glavu, wanaogopa kuchafuka, sasa wataijuaje oili?" Alikuta sakafu nyeupe, taa nyeupe, na benchi refu la plastiki la kungojea. Akasimama nje mpaka wakafungua.

Fundi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Karibu, mzee. Pikipiki yako iko wapi?"

"Inakuja. Si yangu, ni ya mpwa wangu. Nimekuja mbele yake."

"Ina nini?"

"Ina mimi," akasema Vidole.

Mwanamke yule akamtazama vizuri. Kabla hajauliza, mlio ukasikika nje, ukipanda lile tuta la mlangoni kwa kelele nyingi na mwendo mdogo. Bi Haraka akaingia, akamwona.

"Mjomba! Umefuata nini huku?"

"Shusha kofia," akasema. "Nisikilize, na huyu mama asikilize, nisirudie mara mbili."

Akasema. Kwamba oili ni ya gari, ameitia yeye, ameichagua yeye. Kwamba binti hakujua. Kama kuna karatasi ya kosa, iandikwe jina lake yeye. Fundi mkuu akakichukua kile kitabu, akakifungua, akakuna kichwa kwa penseli.

"Kuongeza inaruhusiwa, mzee. Ungeongeza robo lita tu ya hiyo, pengine wala isingeteleza. Lakini hii inaonekana imejaa yote. Ya kwanza ilikwenda wapi?"

"Niliimwaga."

"Ilikuwa na tatizo?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Binti alikuwa amesimama ubavuni pake, anamtazama, tayari kumjibia kwamba imechoka.

"Haikuwa na tatizo," Vidole akasema. "Ilikuwa nzima."

"Sasa fundi wa miaka yote hiyo, uliimwaga kwa nini?"

Akatazama ile sakafu nyeupe. "Kuongeza ni dakika mbili," akasema. "Kumwaga ni saa moja. Nilitaka akae."

Nyuma kulikuwa na mtu anagonga chuma, akaacha. Au labda hakuacha, ndivyo Vidole alivyosikia. Fundi mkuu akafunga kitabu polepole. Hakucheka. Alisema, "Haya," kwa sauti ndogo, akaikamata pikipiki kwa usukani, akaisukuma ndani mwenyewe.

Wakabaki wawili kwenye lile benchi la plastiki.

"Ungeniambia tu," binti akasema.

"Ningekuambia nini?"

Ni kweli, mwenzangu, mtu angesema nini? Keti hapa nami, sina la kukuambia, keti tu? Maneno ya namna hiyo yana aibu kuliko kuomba.

"Ningerudi kuosha vichupa, Mjomba. Unajua?"

"Najua."

"Miaka minne."

"Najua, mama."

Kazi ile ilichukua saa tatu: kumwaga, kusafisha, kutia, kufungua klachi, kukagua pleti moja moja. Saa tatu wamekaa bega kwa bega, zaidi ya Jumamosi yoyote waliyowahi kukaa. Binti alitazama mlango. Vidole alitazama mikono yake, akaificha chini ya mapaja isichafue benchi.

Fundi mkuu akarudi anafuta viganja. Pleti zimeanza kubadilika rangi, akasema, lakini hazijaungua. Wangechelewa juma moja, angekuwa anasema jambo jingine. Ameandika ndani ya kitabu kilichotokea, oili isiyofaa, imesafishwa, imekaguliwa, na amegonga mhuri. Dhamana inaendelea. "Lakini hii ni mara ya kwanza na ya mwisho," akasema. "Kuanzia leo oili hata tone ni hapa kwetu. Ikipungua siku tumefunga, kuna namba yangu, nitakuja mwenyewe. Tumeelewana, dada? Na wewe, baba?"

"Tumeelewana," Vidole akasema. Akaomba kalamu, akatia sahihi pale chini ya mhuri, ingawa hakuna aliyemtaka atie.

Binti akampakia nyuma. Njia nzima Vidole alishika tu kile chuma cha nyuma ya kiti. Kwenye kilima cha reli aliisikia klachi inashika, imara, bila kusita, pikipiki ikapanda kama haina mzigo. Akatikisa kichwa peke yake, kwa furaha, na hakuna aliyemwona.

Mlangoni pake binti hakuzima injini. Mguu mmoja chini.

"Utashuka, unywe hata maji?"

"Zahanati zinaningoja, Mjomba. Vichupa vitaharibika." Akarekebisha kofia. Kisha akasema, haraka haraka, kama kawaida yake: "Jumamosi hii nina zamu. Ile nyingine sijui bado. Nitakupigia."

"Piga tu. Nipo."

"Sijakukasirikia sana."

"Kidogo?"

"Kidogo." Akajaribu kutabasamu. "Baki salama, Mjomba."

Akaondoka. Vidole akasimama kizingitini akisikiliza. Gia ya kwanza, ikashika. Ya pili, ikashika. Pale kona akapunguza, akaongeza, ya tatu, safi kabisa. Akaisikia mpaka barabara kubwa, ilipochanganyika na zingine. Akaendelea kuitenganisha kwa muda, kama unavyomtafuta mtu wako katikati ya umati, halafu akaipoteza.

Akaingia ndani. Magoti yalikuwa yanamuuma kwa ule mwendo wa asubuhi. Jua lilikuwa bado liko juu, majirani wanaitana, mtu anapiga msumari mahali. Aliketi kitandani avue viatu, akavua kimoja. Akajinyoosha kidogo tu, akiwa na nia ya kuamka amalizie kile cha pili, na hapo hapo, mlango uko wazi, usingizi ukamchukua.